Tunamwombea Nani Tunapoombea Wanaoteseka?



Mwezi uliopita, baada ya Misa ya pili ya Jumapili, tulikuwa bado tumesimama mlangoni pa kanisa tukiagana na watu, kama ilivyo desturi yetu, mama mmoja alipotusogelea. Wengi wenu mnamfahamu kwa sura, nasi hapa hatutamtaja jina. Alivuka ziwa mwaka 1996 akiwa binti, katika miezi ile ambayo vita vya Kongo vilifika Uvira na Fizi, na watu kwa maelfu wakashuka kwenye mwambao wetu wa Kigoma. Ameolewa hapa, na watoto wake wamebatizwa hapa. Hakuja kuomba msaada. Alikuja na swali, akaliuliza kwa Kiswahili cha kwao, taratibu na bila hasira: "Padri, kila siku ya Mungu munaombea wale wanaoteswa. Siye hatuna jina?"

Tulimjibu upesi, kama ajibuvyo mtu aliyeulizwa asichokitazamia. Tulimwambia kwamba Mungu awajua walio wake wote, na kwamba tukisema "wanaoteseka" na yeye yumo. Akaitikia kwa adabu, "Ndiyo, Padri," akaenda zake. Lakini jibu letu halikuturidhisha hata sisi wenyewe, na jioni ile tukaingia sakristia, tukalifungua daftari ambamo wasomaji wetu huandika maombi ya waamini. Tulikuta kwamba ombi la tatu lilikuwa lile lile kwa majuma kumi na moja mfululizo: kwa ajili ya wote wanaoteseka duniani, wapate faraja. Mwandiko ulibadilika, maana wasomaji hupokezana, maneno hayakubadilika. Tukarudi nyuma zaidi, hadi mwaka 2024, wakati Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Nusu ya wanaume wa parokia hii walikuwa nyumbani mchana na usiku, karabai zimetundikwa ukutani, na akina mama wanaoanika dagaa hawakuwa na cha kuanika. Katika daftari, majuma yote yale, tuliombea wanaoteseka duniani.

Twaona basi kwamba yatupasa kulizungumza jambo hili, na tuanze kwa kujilaumu wenyewe, kwa sababu daftari lile hupita mkononi mwa Paroko kabla ya Misa.

Sala hii ni nini hasa? Wengi huidhani kuwa ni kiungo tu kati ya Nasadiki na matoleo, muda wa wanakwaya kutafuta ukurasa. Sivyo. Ni sala ya kale sana katika Kanisa. Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo (1 Tim 2:1-2), anaagiza kwamba kabla ya mambo yote zifanyike dua na sala kwa ajili ya watu wote, na anawataja waziwazi wafalme na wenye mamlaka. Mtakatifu Yustino Shahidi, alipoandika utetezi wake kwa Kaisari Antonino Pio yapata mwaka 155, alieleza jinsi Wakristo walivyosali siku ya Jumapili: baada ya masomo na mahubiri wote walisimama pamoja wakasali, kwa ajili yao wenyewe na kwa ajili ya watu wengine wa kila mahali, ndipo mkate na divai vikaletwa. Aliyekuwa bado hajabatizwa hakushiriki sala hiyo. Kuwaombea walimwengu kulikuwa ni haki na wajibu wa mbatizwa, kazi ya ukuhani wake.

Baadaye sala hii ilififia katika Misa ya Kiroma. Kwa karne nyingi ilibaki katika sura yake kamili siku ya Ijumaa Kuu peke yake, katika yale maombi makuu tunayoyasali hadi leo. Ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliotaka irudishwe (namba 53), ili waamini waliombee Kanisa, watawala, wenye shida mbalimbali na wokovu wa ulimwengu wote. Kwa hiyo ninyi mnaoketi pale mkaitika kwa sauti ya usingizi, fahamuni kwamba babu zenu waliobatizwa na wamisionari hawakuwa na nafasi hii mliyo nayo. Wao waliisikiliza Misa kwa Kilatini. Sala ya kuuombea ulimwengu kwa midomo yao wenyewe, katika lugha yao, hawakuwa nayo Jumapili.

Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kiroma (namba 71) yanadai mambo ambayo sisi tumeyaacha. Yanataka maombi yawe ya kiasi, yatungwe kwa uhuru wenye busara, kwa maneno machache, nayo yaeleze sala ya jumuiya nzima. Yatungwe! Kunakili si kutunga. Kitabu cha maombi kilichochapwa mbali, na mtu mwema asiyejua kwamba ziwa letu limefungwa, hutusaidia siku ambayo msomaji ameugua na hakuna mwingine. Kukigeuza kuwa chakula cha kila Jumapili ni kumwachia mgeni awaombee ndugu zetu kwa niaba yetu.

Kuna wanaotuambia: Padre, ukianza kutaja majina ya mahali na ya vita, utaingiza siasa kanisani. Hoja hii tunaiheshimu, na si ya kupuuzwa, kwa kuwa tumeona jinsi sala inavyoweza kugeuzwa kuwa fimbo. Mtakumbuka Jumapili ile ambayo msomaji mmoja alimwomba Mungu awaongoe wale wanaokula michango ya ujenzi, na mtunza hazina ameketi benchi la pili na familia yake. Kanisa zima liliitika, tena kwa nguvu kuliko siku zote. Ile haikuwa sala, ilikuwa ni mashitaka bila hakimu, na mtu yule hakuwa amekula chochote. Kanisa lenyewe limejifunza jambo hili kwa aibu: katika maombi ya Ijumaa Kuu, kwa karne nyingi, Wayahudi walitajwa kwa neno la Kilatini lililosikika kama tusi, hadi Papa Yohane XXIII alipoliondoa mwaka 1959. Watu walipiga magoti na kusali, na baadhi yao walitoka kanisani na chuki zaidi ya waliyoingia nayo.

Hivyo twakubali: si kila jina litajwe, wala si kwa kila namna. Tumtaje anayeumia, anayeumiza tumwombee pia, maana Bwana ametuamuru, lakini tusimsomee hukumu mbele ya altare. Hata hivyo, hofu ya siasa isitufanye tuseme uongo. Katika nchi yetu neno amani limependwa mno, na tunamshukuru Mungu kwa hilo; ila wakati mwingine mtu akisema "tuombee amani" anamaanisha "nyamazeni." Papa Paulo VI, aliyeanzisha Siku ya Kuombea Amani Duniani tarehe 1 Januari 1968, aliweka kwa siku hiyo mwaka 1972 mada iliyosema kwamba anayetaka amani aitendee kazi haki. Nabii Isaya alikwisha kusema zamani kwamba amani ni tunda la haki (Isa 32:17). Mkulima hasali apate tunda huku ameukata mti.

Na hapa, wapendwa, inatubidi tutoke Kongo, turudi majumbani mwetu, kwa sababu ni rahisi kuililia Goma ukiwa umekaa sebuleni. Juma lile lile la swali la yule mama, tulipata mgeni mwingine ofisini: msichana wa kazi, umri wake kama miaka kumi na saba, aliyekuja kuomba nauli ya kurudi kwao. Hakuwa amelipwa mshahara kwa miezi mitano. Anapotumika husaliwa Rozari kila jioni, naye hupiga magoti pamoja na familia, na katika nia za Rozari hiyo wameombewa maskini na wanyonge. Tuliwaita wenye nyumba. Walikuja, ni watu wema, wanatoa zaka, na walishangaa kweli kweli. Walidhani wanamtunzia fedha zake. Walimwona kama mtoto wao, walisema. Tukawauliza watoto wao wa kuwazaa wanalala wapi, na huyu analala wapi. Hawakujibu, nasi hatukuwashikilia. Mshahara umelipwa wote.

Twayasimulia haya kwa ruhusa yao, bila majina, si kwa kuwaaibisha. Sura ya 58 ya Isaya yapaswa kusomwa polepole nyumbani: watu wanalalamika mbele ya Mungu kwamba wamefunga na hakuwatazama, naye anawajibu kwamba siku ile ile ya kufunga waliwakandamiza watumishi wao. Mungu hakusema sala yao ilikuwa fupi au ilikosea maneno. Alitazama aliyesimama nyuma yao na sinia mkononi. Wenye mitumbwi miongoni mwetu nao wanajua jinsi hesabu ya usiku inavyogawanywa kati ya mwenye chombo na vijana waliovuta wavu hadi alfajiri. Hatuna haja ya kueleza zaidi. Mnaijua hesabu hiyo kuliko sisi.

Yustino yule tuliyemtaja anaongeza jambo ambalo mara nyingi huachwa. Baada ya kueleza sala na Ekaristi anasema kwamba wenye uwezo walitoa walichopenda, kikawekwa kwa kiongozi wa jumuiya, naye akawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni waliokuwa wakikaa kwao. Ni watu wale wale walioombewa. Kapu lilizunguka likawafuata walikotajwa. Sisi tumevitenga: tunaombea wafungwa, kisha tunachangia vigae.

Je, sala ya pamoja ya kuombea amani huleta lolote? Hapa yafaa tuwakumbushe habari ya mji wa Leipzig, katika iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki. Katika kanisa la Mtakatifu Nikolai, ambalo ni la ndugu zetu Walutheri, walianza mwaka 1982 kusali kila Jumatatu saa kumi na moja jioni kwa ajili ya amani. Yalikuwepo majuma waliyofika watu wachache sana, na tunasema hili kwa faraja ya wale saba wanaokuja kwenye Kuabudu Alhamisi. Waliendelea. Watu wenye mashaka ya dini nao walianza kuingia, kwa kuwa ndani ya kuta zile mtu aliweza kutaja kwa sauti kilichomuumiza: huyu amenyimwa ruhusa ya kusafiri, yule kijana wake yuko gerezani. Tarehe 9 Oktoba 1989 serikali ilijaza barabara askari, na ndani ya kanisa ikatuma mamia ya wanachama wa chama tawala wakakalie mabenchi. Wakakaa, wakasikia Injili. Watu walipotoka nje na mishumaa walikuta umati unawangoja, na waliotembea usiku ule walikadiriwa kuwa 70,000. Mchungaji wao, Christian Führer, alikuwa akieleza kwamba mshumaa unahitaji mikono miwili, mmoja wa kuushika na mwingine wa kuukinga moto na upepo, kwa hiyo mwenye mshumaa hana mkono wa kushika jiwe. Hakuna aliyefyatua risasi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Novemba, ukuta wa Berlin ulifunguka.

Tunaipenda habari hii, lakini tukiishia hapo tutakuwa tumewadanganya. Yule mama anaweza kutujibu kwamba Wajerumani walisali miaka saba wakapewa, na watu wa kwao je? Tarehe 23 Februari 2018, Ijumaa ya juma la kwanza la Kwaresima, Papa Fransisko aliwaalika wote kufunga na kusali kwa ajili ya Kongo na Sudan Kusini. Hapa parokiani tulifunga, wazee mnakumbuka. Aprili 2019 aliwaita viongozi wa Sudan Kusini kwenye mafungo Vatikano, na tarehe 11 mwezi ule mzee yule mwenye maumivu ya miguu aliinama hadi sakafuni akabusu viatu vyao, akiwasihi watunze amani. Tarehe 31 Januari 2023 alifika Kinshasa. Goma, iliyokuwa katika ratiba ya awali, haikuwezekana kwa sababu ya mapigano, basi wahanga wa mashariki wakamfuata Kinshasa, wakaweka chini ya msalaba vitu mfano wa vile vilivyowaumiza, panga likiwemo, wakatamka kwamba wanasamehe. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23, na Bukavu ikafuata Februari. Papa Fransisko alifariki tarehe 21 Aprili mwaka huo huo. Mrithi wake, Papa Leo XIV, alipotokea mara ya kwanza tarehe 8 Mei aliusalimu ulimwengu kwa salamu ya amani ya Kristo mfufuka, na tarehe 22 Agosti alituita tena kufunga na kusali. Tena.

Hatuna jibu la kumpa yule mama litakalofunga mjadala. Tunachoweza ni kumfungulia sura ya 12 ya Matendo ya Mitume. Petro amefungwa gerezani, na Kanisa linamwombea bila kukoma, kwa jina. Anafunguliwa na malaika, anabisha hodi, na binti mtumishi aitwaye Roda anakimbia kuwaambia wanaosali, nao wanamwambia ana wazimu. Wahubiri hupenda kucheka hapo, nasi tumecheka mara nyingi mimbarini. Lakini ukirudi mwanzo wa sura, katika aya ya pili, utakuta Yakobo nduguye Yohane ameuawa kwa upanga. Ni Kanisa lile lile. Nani atathubutu kusema kwamba hawakumwombea Yakobo? Luka hatoi maelezo kwa nini mmoja alitolewa na mwingine akazikwa. Anaandika tu kwamba, baada ya kumzika mmoja, walikusanyika usiku wakamwombea wa pili. Kwetu sisi huo ni muujiza mkubwa kuliko ule wa minyororo.

Basi tumeamua hivi, tukishauriana na Halmashauri Walei. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo itapewa Jumapili yake ya kutunga maombi ya waamini. Jumuiya itakutana Alhamisi kama kawaida, itasoma Injili ya Jumapili, kisha wanajumuiya wataulizana: juma hili nani anaumia, wapi, na kwa sababu gani? Maombi yasizidi matano. Kiongozi atayaleta parokiani Ijumaa, na sisi tutayasoma kabla, ili lile la mtunza hazina lisijirudie. Tena jumuiya itakayomtaja mtu wa karibu katika ombi itakwenda kumtazama kabla ya Jumapili, si baada yake, kwa maana mara nyingi ukifika kwake utagundua kwamba ombi ulilotaka kuandika silo.

Jumuiya ya yule mama ndiyo iliyoanza Jumapili iliyopita. Karatasi waliyoleta ilikuwa na majina ya mahali, aliyoyaandika yeye mwenyewe kwa kalamu ya wino: Makobola, Mboko, Baraka, Lulimba. Msomaji, kijana wetu wa VIWAWA, hakuwa amewahi kuyasoma, akajikwaa kwenye Makobola. Akarudia, akajikwaa tena. Kutoka benchi la katikati mama akamsahihisha kwa sauti iliyosikika kanisa zima, na kijana akalitamka. Kisha hatukuitika mara moja. Hatujui nani alianza kunyamaza. Hewa ilikuwa safi baada ya mvua, mlango wa upande wa ziwa uko wazi, na milima ya Kongo ilionekana ng'ambo kama ionekanavyo siku za namna ile. Tulikaa kimya muda ambao wanakwaya walianza kuutazama mgongo wa Padre. Ndipo tukaitika.

Jumapili ijayo ni zamu ya jumuiya ya mwaloni. Rozari ya kuombea amani itakuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, hapa hapa kanisani. Mwenye jina la kumwombea alilete limeandikwa, nasi tutalisoma.

Wenu katika Kristo,
Paroko